Joto si ajali, jiandae kabla ya kupanda baiskeli

Kila ifikapo Januari, kliniki yangu hapa Nairobi hupata wageni wa aina ya pekee. Hawaumwi na chochote. Ni makarani, walimu, mawakili na wafanyabiashara waliojiandikisha kushiriki mashindano ya baiskeli za milimani huko Pwani, nao wanataka daktari atie sahihi na muhuri kwenye fomu kwamba wana afya njema. Mimi huwapima presha, nikasikiliza moyo na mapafu, kisha nikawauliza swali moja: umejiandaa vipi kwa joto?

Wengi hucheka. Wana mengi ya kunieleza kuhusu matairi mapya, breki, na jinsi wanavyopanda vilima vya Ngong kila Jumamosi mpaka miguu imekuwa chuma. Kuhusu joto, jibu huwa fupi: "Daktari, nitabeba maji mengi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Maji mengi peke yake si maandalizi, na mara nyingine ni hatari. Na joto lenyewe, kinyume na tunavyopenda kusema mtu akishaanguka, si ajali. Ajali haina kinga, husema wahenga. Lakini joto la Pwani mwezi wa Februari linajulikana litakuja, na linajulikana litakuja saa ngapi. Jambo linalojulikana hivyo lina kinga, na anayekosa kuitumia hana haki ya kulilaumu jua.

Niliyoyaona Kwale

Februari 2023 nilikuwa mmoja wa washiriki wa mashindano ya kilomita 60 kwenye vilima vya Kwale. Mimi si bingwa. Huendesha baiskeli ili nipunguze tumbo, na nafasi yangu huwa nyuma kabisa ya msafara. Tulitakiwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgeni wa heshima alichelewa. Alipofika kulikuwa na hotuba, kisha ngoma, kisha hotuba nyingine za kumshukuru aliyetoa hotuba. Filimbi ililia saa nne kasoro dakika kumi, jua likiwa limekwisha kupanda na umande umekauka zamani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua.

Karibu na kilomita ya 38, kwenye mpando mrefu wa udongo mwekundu, nilimkuta kijana mmoja amelala kando ya njia chini ya mwembe. Alikuwa na umri wa miaka 31, mwenye nguvu kunishinda mara tatu. Alibwabwaja maneno yasiyoeleweka na kumwita mtu ambaye hakuwapo. Ngozi yake ilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni, ilhali jasho bado lilikuwa likimtiririka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza madafu hapo karibu alikwisha kumvua kofia na kumfungua shati. Alikuwa akimmwagia maji ya ndoo, huku binti yake akimpepea kwa kipande cha boksi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo sijalisahau. Nilimwambia, "Mama, mimi ni daktari. Hebu subiri kidogo nimpime."

"Huyu mtoto anaungua, baba," akanijibu. "Mpime baadaye."

Sikumsikiliza. Nilitafuta mpigo wa moyo, nikauliza wenzake kama alikuwa na malaria, nikapoteza dakika kumi. Kisha nikasaidiana na vijana wa huduma ya kwanza kumpakia kwenye gari. Mmoja wao akamfunika shuka kwa heshima, nami sikumzuia. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika hamsini. Tulipofika, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 41.6.

Aliishi, na namshukuru Mungu. Lakini misuli yake ilikuwa imeanza kuvunjikavunjika na kumwaga sumu katika damu. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya mkandaa, figo zikashindwa kufanya kazi, ikabidi asafishwe damu mara nne. Alikaa wodini wiki tatu. Leo yuko kazini, ila baiskeli yake aliiuza.

Mama yule hakukanyaga chuo cha udaktari. Mimi nilisomea huko miaka mingi. Ndiye aliyekuwa akitoa tiba, na mimi ndiye niliyeizuia. Ninayoyaandika hapa chini nayaandika kwa sababu hiyo.

Mwili ni injini yenye hasara

Ili tuelewane, kwanza tuangalie jinsi mwili unavyofanya kazi. Unapokanyaga pedeli, katika kila sehemu nne za nguvu zinazotumika, takriban sehemu moja tu ndiyo inayosukuma gurudumu. Sehemu tatu zinageuka kuwa joto ndani ya mwili wako. Joto hilo lazima litoke, na mlango wake mkubwa ni jasho.

Lakini msomaji asidhani kwamba jasho linapoza kwa kutoka tu. Linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote, huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Ikidondoka chini kutoka puani na viwikoni, haiondoki na kitu, na wewe umepoteza maji na chumvi bure. Hapo ndipo Pwani inapotofautiana na bara. Ukishuka kutoka Kiserian hadi Magadi utakutana na jua kali mno, lakini hewa ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona. Mombasa, Kwale na Kilifi huenda kipimajoto kikaonyesha nyuzi 32 tu, lakini hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho halina pa kwenda, nawe unabaki umelowa kama aliyetoka mtoni huku ndani unachemka.

Baiskeli ya milimani huongeza jambo la tatu. Mwenye baiskeli ya barabarani huenda kilomita 35 kwa saa, na mwendo huo humpa upepo. Wewe unapanda kilima chenye mawe kwa mwendo wa kilomita saba au nane kwa saa, kati ya vichaka vinavyozuia upepo, na hapo ndipo unapotumia nguvu nyingi zaidi. Yaani joto hutengenezwa kwa wingi mahali pale pale ambapo hakuna cha kulipoza. Ndiyo maana wengi huanguka kwenye mpando, na wachache sana kwenye tambarare.

Rangi ya ngozi haikukingi

Nimesikia mara nyingi hoja hii: "Daktari, sisi ni Waafrika. Jua ni letu. Hayo waachie wazungu." Hoja hii imewapeleka wengi pabaya. Uwezo wa kustahimili joto si urithi unaotembea nao kama jina la ukoo. Mwili huujenga kwa kuishi na kufanya kazi katika joto, na ukiondoka huubomoa. Aliyezaliwa Nyandarua na kuajiriwa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari, akishinda katika ofisi yenye dirisha wazi, akifika Kwale ni mgeni wa joto sawasawa na aliyetoka Ulaya.

Na hao Wapwani tunaowatolea mfano tuwaangalie vizuri. Mvuvi huondoka alfajiri. Mkulima hushika jembe kabla ya jua kuchomoza, na saa sita utamkuta kivulini. Kaskazi inapovuma na joto kupanda, hakuna mwenye akili timamu anayepanda kilima saa saba mchana kwa kasi. Wamezoea joto, na bado wanaliheshimu. Sisi hatujalizoea, na tunalidharau.

Siku kumi na nne

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza haraka. Ukifanya mazoezi katika joto dakika 60 hadi 90 kila siku, katika siku chache za kwanza majimaji ya damu huongezeka na moyo hupunguza kasi yake kwa kazi ile ile. Kisha jasho huanza kutoka mapema zaidi, kwa wingi zaidi, na likiwa na chumvi kidogo kuliko awali. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hukamilika kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Ukiacha joto, faida hiyo hupungua siku baada ya siku, na baada ya majuma matatu hivi imebaki kidogo sana.

Kwa hiyo, mwenye uwezo wa kuchukua likizo ashuke Pwani majuma mawili kabla ya mashindano. Siku tatu za kwanza aendeshe polepole kabisa, aongeze kidogo kidogo, na siku mbili za mwisho apumzike. Asiyepata likizo hiyo ashuke angalau siku tano mapema, maana siku tano zina faida kubwa kuliko sifuri.

Najua wengi hawatapata hata hizo tano. Basi jizoeze hapa hapa Nairobi. Fanya mazoezi yako saa saba mchana badala ya alfajiri, ukivaa fulana ya pili na koti jepesi, kwa mwendo wa taratibu. Mwenye baiskeli ya kukanyagia ndani ya nyumba afunge madirisha na kuzima feni kwa dakika 45. Mwenye hodhi la kuogea anaweza, mara baada ya mazoezi, kukaa katika maji ya nyuzi 40. Aanze na dakika 20 na asizidishe 40, na pawe na mtu karibu. Ukisikia kizunguzungu, toka. Njia hizi si za mja mzito, wala za mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa.

Jambo ambalo silikubali hata kidogo ni desturi iliyozoeleka: kutoka kazini Ijumaa jioni, kupanda basi la usiku, kukesha umekaa kitini, na kupanda baiskeli Jumamosi asubuhi. Mwili uliokosa usingizi na usiolijua joto unapelekwa vitani bila silaha.

Pima jasho lako

Sasa turudi kwenye yale "maji mengi". Kunywa maji kupita kiasi kunaweza kuua. Maji matupu yakizidi, chumvi ya damu hupungua na ubongo huvimba. Mtu huumwa na kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na mwishowe hushikwa na degedege. Watafiti waliowapima damu wakimbiaji 488 katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 waliwakuta asilimia 13 wakiwa na upungufu huo wa chumvi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Dalili iliyoonekana zaidi kwa wenye tatizo hilo ilikuwa kwamba walimaliza mbio wakiwa na uzito zaidi ya waliokuwa nao mwanzoni. Walikuwa wamekunywa kuliko walivyotoka jasho.

Dawa yake ni mizani. Jipime bila nguo kabla ya mazoezi, endesha saa moja katika joto, kauka kwa taulo, jipime tena. Tuseme ulikuwa kilo 68 na sasa ni 66.6, na njiani ulikunywa nusu lita. Umepungua kilo 1.4. Ongeza nusu lita uliyokunywa, upate lita 1.9. Hilo ndilo jasho lako la saa moja. Usijaribu kulirudisha lote, kwa sababu tumbo la watu wengi halipokei kiasi hicho likiwa linatikiswa juu ya mawe. Kunywa kidogo kidogo unapoona kiu, na lengo liwe kumaliza ukiwa umepungua kidogo, yaani kilo moja au moja na nusu hivi kwa mtu wa kilo 68. Ukimaliza umeongezeka uzito, umekosea.

Chumvi nayo isisahaulike. Beba chupa mbili, moja ya maji na nyingine ya maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea mwili maji, ile ile tunayowapa watoto wanaohara. Huuzwa kila duka la dawa kwa bei nafuu. Ukiikosa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi vitafaa. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kilele. Wengi huuliza kuhusu madafu. Madafu ni kinywaji kizuri na yana potasiamu kwa wingi, lakini chumvi ile inayopotea zaidi kwa jasho, yaani sodiamu, ni kidogo ndani yake. Kunywa dafu ukimaliza, pamoja na chakula chenye chumvi. Lisikufanye uache ile chupa ya pili.

Angalia mfuko wako wa dawa

Kuna mambo ambayo ningependa kila mshiriki amweleze daktari wake bila kuficha. Dawa za presha zinazoongeza mkojo hukausha mwili. Baadhi ya dawa za moyo huuzuia moyo kuongeza kasi inayohitajika. Baadhi ya dawa za mafua na mzio hupunguza jasho. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo waendeshaji wengi humeza asubuhi ya mashindano ili magoti yasiume, zinaweza kuziumiza figo zikiwa tayari na kiu. Usiache dawa ya presha kwa kusoma makala hii. Njoo tuzungumze majuma kadhaa kabla ya mashindano. Lakini hizo za magoti, ziache nyumbani siku hiyo.

Vichangamshi ni jambo jingine. Tom Simpson wa Uingereza alianguka na kufa tarehe 13 Julai 1967 akiupanda mlima Mont Ventoux huko Ufaransa, katika Tour de France, siku ya joto kali. Uchunguzi ulikuta amfetamini na pombe mwilini mwake. Kazi ya kichangamshi ni kukuziba masikio usisikie mwili ukiomba kupumzika. Miraa na muguka havina nafasi katika mashindano, wala vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa mkebe baada ya mkebe.

Aliye na homa, anayehara, au aliyetoka kuugua malaria wiki hiyo asishiriki. Mwili wenye homa umeanza mashindano ukiwa tayari umepanda ngazi mbili za joto. Na kwa kuwa wengi wetu tuna asili ya Pwani, Nyanza au Magharibi, ambako selimundu ni ya kawaida, ni vyema kujua kama unabeba nasaba hiyo hata kama hujawahi kuugua. Mbebaji anaweza kushiriki michezo, lakini joto kali pamoja na kujilazimisha kupita kiasi humtishia zaidi kuliko mwenzake.

Mpoze kwanza, msafirishe baadaye

Tuseme pamoja na hayo yote mtu ameanguka. Utajuaje kwamba amezidiwa na joto? Usingoje ngozi iwe kavu, kama vitabu vya zamani vilivyosema. Anayefanya mazoezi anaweza kuwa anatiririka jasho na bado yuko katika hatari ya kufa. Dalili kubwa ni akili. Mtu anayeyumba, anayeongea ovyo, anayegombana bila sababu, anayesahau yuko wapi, na mwili wake ni moto, huyo ubongo wake unapikwa. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso kinaweza kukudanganya. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachoingizwa katika njia ya haja kubwa, na kikionyesha zaidi ya nyuzi 40 kwa mtu aliyechanganyikiwa, hakuna la kujadili.

Usimpe Panadol, kwani joto hili si la homa na dawa hiyo halishushi. Usimnyweshe maji kama hajijui. Usimfunike. Mtie katika maji ya baridi, mwili mzima hadi shingoni, kichwa kikishikiliwa juu ya maji. Kama hakuna pipa wala hodhi, watu sita wanaweza kushika turubai kwa pembe zake, mgonjwa akalazwa katikati, yakamiminwa maji na barafu. Kama hakuna barafu, maji ya kisima na kumpepea bila kukoma ni bora kuliko kusubiri gari. Lengo ni kulishusha joto chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa tangu alipoanguka. Baada ya hapo ndipo apelekwe hospitali.

Je, yanafaa haya? Huko Falmouth, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna mbio za kilomita 11 zinazofanywa kila Agosti. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilieleza juu ya wakimbiaji 274 waliopatwa na ugonjwa huu katika mashindano ya miaka 18. Walitumbukizwa katika maji ya barafu pale pale uwanjani. Hakufa hata mmoja. Ninaposoma tarakimu hizo namkumbuka yule mama na ndoo yake.

Wajibu wa waandalizi

Nimesema mengi kwa mshiriki. Sasa naomba waandalizi wanisikilize, kwa maana hakuna mazoezi yatakayomwokoa mtu aliyeanzishwa mashindano saa nne asubuhi.

Kwanza, mashindano yote ya Pwani kati ya Desemba na Aprili yaanze mapambazuko, na saa ya kuanza isingojee mtu. Mgeni wa heshima atoe hotuba wakati wa kugawa vikombe. Nimeambiwa kwamba wafadhili watachukizwa. Sidhani kuna mfadhili anayetaka jina lake liwe kwenye fulana ya maiti. Mataifa makubwa yamekwisha kusogeza saa kwa ajili ya joto. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia huko Doha mwaka 2019 ilianza karibu saa sita ya usiku, na hata hivyo, kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mkenya alishinda usiku ule, lakini hesabu ya walioachia njiani ndiyo iliyopaswa kutufunza.

Pili, pawe na pipa la maji na barafu mwisho wa mashindano na juu ya kila mpando mrefu, pamoja na kipimajoto cha kufaa na mtu anayejua kukitumia. Barafu si anasa Pwani. Wavuvi huinunua ili samaki wao wasioze. Tukishindwa kumpa binadamu kile tunachompa changu na tafi, tusiseme hatukuwa na pesa.

Tatu, saa ya kufunga njia iwekwe na ifuatwe. Mshiriki ambaye hajafikia mahali fulani kabla ya saa tano asubuhi apandishwe gari, hata akilia. Mimi nitakuwa wa kwanza kupandishwa, na sitanung'unika.

Wapo watakaosema nawatia watu woga na kuua mchezo unaokua. Sivyo. Naupenda mchezo huu, na presha yangu mwenyewe imeshuka kwa sababu yake. Ninachokataa ni ile sifa tunayoipa taabu isiyo na faida, eti mwanamume kamili hupanda hata macho yakiona giza.

Ndugu msomaji, kabla hujalipa ada yako, mpigie mwandalizi simu umuulize mambo mawili: tunaanza saa ngapi, na pipa la barafu litakaa wapi. Akikujibu vizuri, anza kuhesabu siku zako kumi na nne. Akikucheka, weka pesa zako mfukoni na uende Karura Jumapili asubuhi. Na ukiniletea fomu nikupigie muhuri, jua kwamba nami nitakuuliza majibu yake kabla sijafungua kidau cha wino.